Matundu ya Ardhi Yakiziba, Mvua Hupotea

Wakulima wa Kasulu na Kibondo, tazameni shamba tupu la mtelemkoni baada ya mvua kubwa za Novemba. Maji yatiririkayo ni mekundu kwa udongo, na jua likiisha kuwaka, uso wa ardhi huwa gamba gumu ambalo miche ya maharagwe hushindwa kulitoboa.

Sababu yake ni hii. Ardhi njema ina matundu membamba yaliyofanywa na mizizi, minyoo na mchwa, nayo ndiyo njia za maji kushuka chini. Tone la mvua lipigapo udongo usiofunikwa huvunja madonge yake kuwa chembe laini. Chembe hizo huelea majini na kuchukuliwa hata matunduni. Msidhani kwamba chembe iliyo ndogo kuliko tundu haiwezi kuliziba. Chembe kadha zikifika pamoja hukwama, kama mbuzi wakimbiliao mlango wa zizi: kila mmoja angepita peke yake, lakini wote pamoja hubanana. Kisha chembe ndogo zaidi hujaza nafasi zilizosalia. Hivyo uso wa ardhi huziba, na chini yake bado ni pakavu.

Mwaka 1939 mtaalamu F. L. Duley wa Nebraska, Marekani, alieleza majaribio yake: ardhi iliyofunikwa kwa mabua iliendelea kunywa maji, mabua yalipoondolewa, uso wake uliziba upesi.

Jaribuni wenyewe. Chagueni mahali pawili palipolimwa sawasawa. Pamoja pafunikeni kwa nyasi. Mwagieni kila mahali debe moja la maji kwa kopo lililotobolewa, kisha chimbeni mwone maji yameshuka wapi zaidi.

Kwa hiyo yafaa kufanya haya:

1. Msichome mabua wala majani ya shamba. Yatandazeni kabla ya mvua kuanza, yakikingama mtelemko.

2. Mbuzi wakila mabua, kateni nyasi kabla hazijatoa mbegu, mkazitumie badala yake.

3. Katika migomba na kahawa, tandazeni nyasi nene, lakini zisiguse shina.

4. Gamba likitokea, livunjeni taratibu kati ya mistari, kisha funikeni. Bila kifuniko, mvua ijayo italirudisha.

Mvua ikikatika mwezi wa Januari au Februari, mimea yenu itakunywa yale tu yaliyoingia ardhini. Yaliyoteremka Malagarasi hayarudi.