Ndege Iliyochorwa Jina Baada ya Nagasaki

Mtu mzima aungaye ndege za plastiki hakosi kuchekwa, nami nimekwisha kuzoea. Majirani zangu hapa Nakuru wanajua kwamba mwalimu wa historia aliyestaafu, badala ya kufuga kuku kama wenzake, hujifungia chumbani na gundi, msasa na brashi nyembamba kama ukope. Wasilolijua ni kwamba kuunga vipande ndiyo sehemu nyepesi ya kazi hii. Kazi hasa ni rangi na alama. Ndege ya vita haikuwa na sura moja tangu kuundwa hadi kuvunjwa. Ilipakwa, ikafutwa, ikapakwa tena, na yeyote atakaye kuifanyia mfano wa kweli sharti ajiulize kwanza: je, naunda ndege ya siku gani?

Mwaka jana mpwa wangu aliniletea kutoka ng'ambo kisanduku cha B-29, ile ndege kubwa ya Marekani yenye injini nne iliyoangusha mabomu nchini Japani katika Vita Vikuu vya Pili. Hata ikipunguzwa mara 72, mabawa yake yana upana wa sentimita 60 hivi, na tangu siku hiyo meza yetu ya chakula imegeuka kiwanja cha ndege. Ndani ya kisanduku mlikuwamo karatasi ya picha za kubandika, zile ziloweshwazo majini kisha zikateleza kutoka kwenye karatasi. Zilikuwa za ndege iitwayo Bockscar, iliyoangusha bomu la atomiki mjini Nagasaki tarehe 9 Agosti, 1945.

Picha iliyonivutia ilikuwa ya kubandikwa puani: behewa la mizigo lenye mabawa, likipita juu ya reli itokayo Salt Lake na kuishia Nagasaki. Jina lenyewe ni mzaha. Rubani aliyekabidhiwa ndege hiyo aliitwa Kapteni Frederick Bock, na jina lake likitamkwa pamoja na neno la Kiingereza lenye maana ya gari, sikio husikia behewa la mizigo. Kampuni iliyotengeneza kisanduku, ambayo sitaitaja, ilieleza kwa maandishi yasiyo na shaka hata chembe kuwa hivyo ndivyo ndege ilivyoonekana siku ya Nagasaki.

Sivyo. Nilitumia majuma kadhaa kusoma vitabu na kutazama picha za zamani katika intaneti, nikapata kwamba mchoro ule ulipakwa baada ya safari. Asubuhi ya tarehe 9 pua ya ndege ile ilikuwa tupu, bati jeupe linalometameta, na ubavuni namba 77. Katika kikosi kizima cha ndege zilizoandaliwa kwa bomu hilo, iliyokuwa imekwisha kuandikwa jina ni moja tu, Enola Gay, ile ya Hiroshima. Kanali Paul Tibbets aliamuru ipakwe jina la mama yake mzazi siku moja kabla ya kuondoka. (Sijui mama gani angelipenda heshima ya namna hiyo, lakini hayo tuyaache.)

Pua hiyo tupu ilizua kosa la ajabu katika historia. Meja Charles Sweeney, aliyepewa amri ya kuangusha bomu la pili, kwa kawaida aliendesha ndege nyingine iliyoitwa The Great Artiste. Ndege hiyo ilikuwa bado imejaa vyombo vya kupimia mlipuko vilivyotumiwa Hiroshima siku tatu kabla, na badala ya kuvihamisha, wakubwa waliona afadhali watu ndio wahame. Sweeney na wenzake wakaingia katika ndege ya Bock, naye Bock akaingia katika ndege ya Sweeney. Pamoja na Bock alipanda mwandishi wa gazeti la New York Times, William Laurence. Yeye hakujua habari ya kubadilishana. Alikuwa amewasikia watu wa Sweeney wakiitaja ndege yao kwa jina la The Great Artiste, wala hapakuwa na maandishi puani ya kumsahihisha. Basi akauandikia ulimwengu kwamba The Great Artiste ndiyo iliyoangusha bomu la Nagasaki, ilhali mwenyewe alikuwa ameketi ndani ya The Great Artiste akiitazama ndege namba 77 ikitangulia! Mimi niliyefundisha miaka 31 nikiwaambia wanafunzi wamwamini shahidi aliyeona kwa macho yake nililazimika kuiweka brashi chini nikacheka.

Mkia nao ulikuwa na hila yake. Alama halali ya kikosi hicho ilikuwa mduara wenye mshale ulioelekea mbele. Kabla ya safari hizo mbili mishale ilifutwa, zikapakwa herufi za vikosi vingine ili adui asiwatambue. Enola Gay ikavaa herufi R ndani ya mduara, na namba 77 ikavaa N ndani ya pembetatu. Fauka ya hayo, ndege hizo zilikuwa zimepunguzwa uzito kwa kuondolewa vituo vyote vya bunduki vya mgongoni na tumboni, zikabakizwa bunduki za mkiani peke yake. Kwa hiyo vipande vya kisanduku changu vilivyokuwa na bunduki nilivikata, mashimo nikayaziba kwa lahamu ya plastiki, nikasugua kwa msasa siku tatu nzima hadi vidole vikachubuka.

Almuradi ndege ya asubuhi ile ilikuwa haina jina, imevaa mkia wa wengine, na usukani umeshikwa na rubani asiyekuwa wake. Ndipo nilipoanza kuitazama ile reli katika karatasi ya picha kwa jicho jingine.

Reli ina mwanzo na mwisho. Anayeitazama ataamini kwamba behewa liling'oka Salt Lake, karibu na mahali kikosi kilipofanyia mazoezi, likaenda moja kwa moja hadi Nagasaki. Lakini mji uliokusudiwa asubuhi ile haukuwa Nagasaki. Ulikuwa Kokura, mji wenye ghala kubwa la silaha, ambao leo ni sehemu ya jiji la Kitakyushu. Ndege ilipita juu ya Kokura mara tatu, na mara zote mawingu na moshi vilimziba macho mlenga mabomu, Kapteni Kermit Beahan. Wakati huo pampu ya tangi moja la akiba ilikuwa imeharibika, mafuta yaliyokuwamo yasiweze kutumika. Ndipo Sweeney akageukia mji wa pili katika orodha. Nagasaki nako kulikuwa na mawingu. Upenyo ulipoonekana bomu likaachiliwa, likalipuka saa tano na dakika mbili asubuhi juu ya bonde la Urakami, karibu kilomita tatu kutoka mahali palipolengwa. Inakadiriwa kwamba kufikia mwisho wa mwaka huo watu 70,000 hivi walikuwa wamekufa. Ndege yenyewe ilishindwa kurudi kisiwani Tinian ilikotoka, ikatua Okinawa ikiwa karibu kuishiwa na mafuta kabisa.

Hakuna reli hapo. Kuna wingu, pampu mbovu na upenyo. Mchoraji alipoipaka reli ile baadaye, aliinyosha safari iliyokuwa imepinda, na mji ulioangukiwa na balaa kwa sababu ya hali ya anga akaufanya kituo kilichoandikwa tangu mwanzo. Ndege yenyewe imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la jeshi la anga huko Dayton, Ohio, tangu 1961, na behewa lake puani. Mgeni huondoka na sura hiyo. Mwaka 1995 Wamarekani waligombana vikali juu ya maneno ya kuandikwa kando ya Enola Gay katika maonyesho mjini Washington, hata mkurugenzi wa makumbusho akajiuzulu. Rangi za ndege nazo ni maneno, ila husomwa na wachache.

Sasa niseme kwa nini jambo hili limenikaa rohoni. Marehemu baba alikuwa askari wa KAR. Mwaka 1943 walipakiwa katika mabehewa hapa Nakuru hadi Mombasa, na kutoka huko wakavushwa kwa meli hadi Ceylon, kisha Burma, katika bonde la Kabaw ambako malaria iliua kama risasi. Bomu lilipoanguka, divisheni yao ya 11 ilikuwa imerudishwa India, na kila askari akijiuliza atapelekwa wapi tena. Hadi alipofariki mwaka 1993 baba hakukubali kusikia bomu hilo likilaumiwa. "Nyinyi mmezaliwa kwa sababu ya ndege hiyo," alituambia, na mimi sikuwa na jibu. Nilizaliwa baada ya yeye kurudi. Baadaye nilisoma kwamba sehemu kubwa ya urani ya mradi huo ilitoka mgodi wa Shinkolobwe huko Katanga, ikichimbwa na watu waongeao Kiswahili kama sisi, nikaona ugumu wa kuwaambia wanafunzi kwamba hii ilikuwa vita ya wengine.

Binti yangu, ambaye ni muuguzi, hataki kuiona mezani. "Baba, kuna ndege ngapi duniani? Mbona usiunde ya abiria?" Namwelewa. Nilifikiri hata kuivunja. Lakini nikaona kwamba nikiivunja sitakuwa nimemwokoa mtu yeyote wa Urakami, na nikiibandika behewa nitakuwa nimelitia sahihi yangu toleo la safari lililochorwa baada ya mambo kwisha. Nikaamua kuunda asubuhi ile, si jioni yake wala mwaka wake: bati tupu, 77 ubavuni, N ndani ya pembetatu, pua bila neno. Baba angalinung'unika. Pengine angaliuliza nani aliyeiba picha.

Juzi mjukuu wangu wa miaka tisa aliizunguka meza mara mbili. "Babu, mbona yako haina jina na ile ya kwenye kisanduku inalo?" Nikamwambia kwamba siku hiyo ilikuwa bado haijaandikwa. Akauliza walikokuwa wakienda. Nikamwambia Kokura. Akalitafuta neno hilo juu ya kisanduku, asilione.

Karatasi yenye behewa sikuitupa. Imo ndani ya bahasha, katika kopo lile lile baba alimowekea nishani yake ya Burma.