Mwenye kuandika notisi ya dawa, na yeye ni injenieri?

Chukua sashe ya SRO, ile wanatupatia juu ya kuhara ao kolera. Ndani kuna gramu 20,5 za unga: glukozi, chumvi na vingine. Nyuma wameandika kwamba unga wote unaingia katika litri moja ya maji safi. Ni mustari moja tu. Lakini mama akimimina sashe yote katika chupa ya nusu litri, chumvi inapita kipimo na inaweza kuumiza mutoto. Katika chupa ya litri moja na nusu, dawa inakuwa yepesi. Wale waliopima unga tunawaita wataalamu. Na yule aliyeandika mustari?

Wengi watasema huyo ni karani tu. Mimi nakataa, na sababu yangu inatoka mbali, Bangladesh.

Kule, kuanzia 1980, shirika BRAC lilifundisha wamama kutengeneza dawa hiyo nyumbani, bila sashe: chumvi ya kushika na vidole vitatu, kiganja cha sukari ya miwa isiyosafishwa, maji karibu nusu litri. Wamama wengi hawakujua kusoma. Basi maagizo yalifupishwa kuwa pointi chache za kushika kichwani, na walimu wanawake wakapita nyumba kwa nyumba.

Kisha mutu mwingine alirudi kwa baadhi ya wale wamama. Unakumbuka nini? Tengeneza tuone. Maji yale yalipelekwa laboratwari kupimwa chumvi, na mwalimu alilipwa kufuatana na vile wamama walishika, si kwa wingi wa nyumba. Kumbe maneno yanaweza kujaribiwa sawa vile daraja! Walipoona wamama wanajua lakini wengi hawatumii, walianza kuongea na wanaume pia, sokoni na misikitini. Kufika 1990, nyumba zaidi ya milioni 12 zilikuwa zimefikiwa.

Huku kwetu notisi nyingi ziko katika Kifaransa. Mimi mwenyewe nilichoma regilateri ya sola juu niliunganisha pano mbele ya batri. Karatasi yake ilikuwa ya Kichina. Nani aliijaribu kwa mutu sawa mimi?

Na kama nyumbani una chupa ya nusu litri tu, ijaze mara mbili katika chombo kimoja safi, ndipo umimine sashe yote.