Fahamu: Je, ikweta iliamua uchaguzi wa Kenya wa 2022?

Maseno, kaunti ya Kisumu, na Nanyuki, kaunti ya Laikipia, zote ziko kwenye mstari wa ikweta. Karibu na Machi 21 na Septemba 23, jua la adhuhuri huwa utosini katika miji yote miwili. Lakini dunia huzunguka digrii moja kila dakika nne, hivyo Nanyuki, iliyo mashariki, hupambazukiwa takriban dakika 10 mapema.

Je, kura nazo hufuata jua? Katika uchaguzi wa urais wa Agosti 9, 2022, Kisumu ilimchagua Raila Odinga, mzaliwa wa Maseno. Laikipia ilimpa kura nyingi William Ruto, aliyeshinda kitaifa kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85. Jua ni lile lile, kura tofauti. Ukisoma ramani ya matokeo, tafuta sababu kwenye historia, vyama na maisha ya wananchi.