Bondia wa Tanga na Ubishi juu ya Wapinzani Wake

Wapenzi wa ngumi wa Afrika Mashariki wamegawanyika kwa habari ya Hassan Mwakinyo, bondia wa Tanga. Mnamo Septemba 2018 alikwenda Birmingham, akamshinda Mwingereza Sam Eggington katika raundi ya pili, hali wengi walidhani amekwenda kushindwa tu. Tangu siku hiyo swali likawa: sasa apigane na nani?

Wengine walidai akutane na Twaha Kiduku wa Morogoro, ijulikane nani fahali wa nyumbani. Kuita wageni kila mara, walisema, ni kukwepa. Wenzao walijibu kwamba kumpiga jirani hakumpandishi mtu daraja duniani, wala wageni si wanyonge wote. Julius Indongo wa Namibia, aliyeshindwa na Mwakinyo mwaka 2021, aliwahi kuwa bingwa wa dunia, japo wa uzani mdogo zaidi. Na mwaka 2022 Liam Smith alimshinda Mwakinyo huko Liverpool katika raundi ya nne.

Ngumi za kulipwa ni kazi. Bondia huchunga ushindi wake, maana ndio umpatiao mikataba. Mtazamaji naye huchunga shilingi yake. Kila mmoja ana haki, lakini mafahali wasipokutana ubishi hauishi.