Yoga Hujenga Mwili na Kutuliza Akili, Lakini Haichukui Nafasi ya Dawa

Kila ifikapo tarehe 21 Juni, mataifa mbalimbali huadhimisha Siku ya Kimataifa ya Yoga. Siku hiyo ilitangazwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa tarehe 11 Desemba, 2014, kufuatia pendekezo la India lililoungwa mkono na nchi 177, na iliadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2015. Mwaka uliofuata, UNESCO iliiingiza yoga katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu.

Neno yoga lina asili ya Kisanskriti na hubeba maana ya kuunganisha. Mazoezi haya yalichipuka India katika zama za kale yakiwa sehemu ya mafundisho ya kiroho. Hivi sasa, katika vituo vingi vya mazoezi duniani, hufundishwa kwa ajili ya afya pasipo kuhusisha ibada. Nguzo zake ni tatu: mikao ya mwili, upumuaji wa taratibu na utulivu wa fikra.

Umuhimu wa mazoezi ya aina hii unatokana na mzigo wa magonjwa yasiyoambukiza, yakiwemo magonjwa ya moyo, kisukari na saratani. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), magonjwa hayo husababisha takriban vifo vitatu kati ya kila vinne duniani, na kutoushughulisha mwili ni miongoni mwa mambo yanayochangia.

Faida kwa mwili

Mtu anapobaki katika mkao mmoja kwa sekunde kadhaa, misuli ya mgongo, tumbo na miguu hulazimika kubeba uzito wa mwili wake mwenyewe. Kwa kurudia zoezi hilo, misuli huimarika, viungo hulainika na mwili hujifunza kusimama imara. Uimara huo una thamani kubwa kwa wazee, ambao kuanguka mara moja tu kunaweza kuwavunja nyonga na kuwafanya wategemee msaada wa wengine.

Faida nyingine iliyothibitishwa ni nafuu kwa wenye maumivu sugu ya sehemu ya chini ya mgongo. Mwaka 2017, Chama cha Madaktari Bingwa wa Magonjwa ya Ndani cha Marekani kiliitaja yoga miongoni mwa tiba zisizo za dawa zinazofaa kujaribiwa kwanza kwa wagonjwa wa aina hiyo. Ushauri huo unawagusa wengi, wakiwemo madereva, mafundi cherehani na watumishi wanaokaa kitini kuanzia asubuhi hadi jioni.

Faida kwa akili

Mtu mwenye hofu au msongo wa mawazo hupumua harakaharaka, moyo humwenda mbio na misuli hukaza. Upumuaji wa taratibu, hususan ule wa kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuivuta, huamsha sehemu ya mfumo wa neva inayopunguza kasi ya moyo na kuurejesha mwili katika hali ya mapumziko. Ndiyo maana watu wengi wanaofanya yoga kwa mpangilio hueleza kuwa wanalala vizuri zaidi na kupungukiwa na wasiwasi. Kwa wenye sonona, yoga inaweza kusaidia ikiambatana na matibabu ya wataalamu.

Mambo ya kuzingatia

Tafiti kadhaa zimeonesha kuwa yoga inaweza kupunguza shinikizo la damu kwa kiasi kidogo. Hapo ndipo tahadhari inapohitajika. Shinikizo la juu la damu mara nyingi halina dalili. Mgonjwa anaweza kujisikia mzima kabisa huku mishipa ya ubongo, figo na moyo ikiendelea kuharibika. Anayeacha dawa kwa sababu mazoezi yamempa nafuu hujiweka katika hatari ya kupata kiharusi. Uamuzi wa kupunguza au kusitisha dawa ni wa daktari baada ya vipimo.

Vilevile, wajawazito, wenye presha ya macho, wenye mifupa dhaifu na waliofanyiwa upasuaji hivi karibuni wanapaswa kumwona mtaalamu wa afya kabla ya kuanza, kwa kuwa baadhi ya mikao, hasa ile ya kuinamisha kichwa chini, haiwafai. Maumivu makali, kizunguzungu au kubanwa na pumzi ni ishara ya kuacha zoezi mara moja.

Namna ya kuanza

Yoga haihitaji vifaa vya gharama. Mkeka au jamvi, nguo zisizobana na sehemu tulivu yenye hewa ya kutosha vinatosha. Anayeanza anashauriwa kupata mwalimu mwenye ujuzi, kufanya mikao mepesi kwa dakika 10 hadi 15 na kuongeza muda kidogo kidogo.

WHO inapendekeza kila mtu mzima afanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, sawa na dakika 30 kwa siku tano. Kwa kuwa aina nyingi za yoga ya polepole ni mazoezi mepesi, zinafaa kuambatana na kutembea kwa kasi, kuendesha baiskeli au kulima.

Mwito wa kufanya mazoezi si mgeni nchini. Mwaka 2016, Mhe. Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, aliongoza kampeni ya kuhimiza wananchi kufanya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo. Anayechagua yoga anauitikia mwito huo kwa njia inayowafaa hata wasioweza kukimbia, ilimradi aendelee kupima afya yake na kufuata maelekezo ya daktari.