Kima Punju na Vidaka vya Nazi

Hapa kwetu Bububu mnazi ukipungua kuzaa, mtu haulizi sababu, hutaja mwizi: ama ni panya, ama ni chonga, ama ni jirani. Kusini, katika mashamba yaliyo karibu na msitu wa Jozani, mwizi aliyetajwa ni kima punju. Wenye minazi walimwona kwa macho yao akichuma vidaka na kuvila. Basi ni nani atakayekanusha?

Wataalamu wawili wa elimu ya viumbe kutoka Marekani, Bibi Kirsten Siex na Bwana Thomas Struhsaker, hawakukanusha. Wao waliuliza swali jingine: kidaka kilicholiwa, je, kingalikuwa nazi?

Twajua sote kwamba kidaka huwa kitale, kitale huwa dafu, dafu huwa koroma, na koroma huwa nazi. Lakini twajua pia, ingawa hatulifikiri sana, kwamba vidaka vingi hupukutika vyenyewe pasipo kuguswa na mnyama ye yote. Kwa hiyo kuhesabu vidaka vilivyoliwa si kuhesabu nazi zilizopotea.

Ikiwa kima apunguza mavuno, basi yapasa palipoliwa vidaka vingi paanguliwe nazi chache. Neno hili laweza kuonekana uwongo kwa hesabu, na ndiyo faida yake. Neno lisiloweza kushindwa halipimiki. Wakahesabu vidaka vilivyoliwa, wakalinganisha na mavuno. Matokeo waliyoyatangaza mwaka 1999 yalikuwa kinyume: palipoliwa vingi zaidi ndipo mavuno yalipozidi. Wakadhani kwamba huenda kima, kwa kula vidaka, aupunguzia mnazi mzigo, kama mkulima ang'oavyo baadhi ya miche ya mahindi ili iliyobaki inenepe.

Hapa wengi wetu tungefurahi na kwenda zetu. Lakini tungoje kidogo. Je, haiwezekani kuwa kima hupenda kwenda palipo na minazi izaayo sana? Hapo wingi wa vidaka ndio umwitao kima, wala si kima aletaye wingi. Hesabu ni ile ile, maelezo ni mawili. Ili kuyatenga, ingefaa kuchagua minazi iliyolingana umri na udongo, mingine izuiliwe kima, mingine iachwe wazi, kisha mavuno yahesabiwe misimu kadha.

Jambo hili si mchezo. Mwenye shamba ana haki ya nazi zake. Na kima punju asili yake ni Unguja, akiisha visiwani humu amekwisha duniani.

Bububu minazi tunayo. Mwanafunzi apendaye na achague minazi sita, afagie chini yake jioni, na kila asubuhi ahesabu vidaka vilivyoanguka, akitenga vyenye alama za meno na visivyo nazo. Aamke mapema, kabla watoto hawajaviokota kuchezea.