Michikichi ya Mwandiga

Msafiri atokaye Kigoma mjini hufika Mwandiga, pale barabara ya Manyovu inapoachana na ile ya Kasulu. Nasi tulifika, tukaizuru michikichi, ambayo kwa mkulima wa huku ni kama mikarafuu kwa ndugu zetu wa Visiwani: mti wa kurithiwa, wa karo na wa mahari. Mingi ni mikongwe, ya aina ya Dura, yenye kokwa nene na nyama haba. Mawese yake hayalingani na jasho linalomwagika.

Mwaka 2018 Waziri Mkuu, Ndugu Kassim Majaliwa, aliongoza juhudi za kulifufua zao hili, na kituo cha utafiti cha Kihinga kikakabidhiwa kazi ya mbegu ya Tenera, chotara wa Dura na Pisifera. Ni jambo jema. Lakini Tenera nayo hungojewa miaka mitatu au zaidi. Je, aliyekata miti ya babu yake atakula nini muda huo? Maofisa wanaogawa miche walijibu swali hili shambani, si ofisini. Mchikichi mchanga hauna kivuli kikubwa. Mahindi na maharage hustawi katikati ya mistari. Mzee mmoja alitueleza kwamba yeye atakata nusu tu, na nusu ataiacha hadi mipya izae.